Tuache kutibu skripti moja moja: CRLF imalizwe ndani ya Git

Skripti imeandikwa kwenye Windows, ikapelekwa seva ya Linux, ikagoma: `/bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory`. Wengi wakiona ujumbe huu huanza kuisaka Bash, programu inayoendesha skripti, au kupiga `chmod`, amri ya kubadili ruhusa za faili, tena na tena. Bash ipo, na ruhusa ziko sawa. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, CR (13) na LF (10), yaani CRLF, ilhali Linux hutumia LF peke yake. Ile `^M` kwenye ujumbe ndiyo CR. CR ikibaki kwenye mstari wa kwanza, kerneli (kiini cha Linux) huihesabu kuwa sehemu ya jina la programu, na programu yenye jina hilo haipo.

Heri hitilafu hiyo, maana inasimamisha kazi. Ya kuogopwa ni ya kimya. Ukiendesha `bash weka.sh`, mstari wa kwanza huchukuliwa kama maoni tu na skripti inaendelea. `mkdir -p /srv/nakala` inapita bila lawama, kumbe imeunda saraka yenye CR mkiani mwa jina lake. Skripti nyingine ikija kuitafuta `/srv/nakala`, haipati kitu. Faili la `.env`, linalobeba mipangilio na siri za programu, nalo ni hivyo hivyo: nenosiri linabeba baiti ya ziada, hifadhidata inalikataa, na ukilichapisha kwa `echo` unaliona salama kabisa.

Kwa hiyo usiamini macho. Andika `cat -A weka.sh | head`. Mstari wenye kasoro huishia `^M$`, ulio safi huishia `$`. Kusafisha kwenye Linux ni `sed -i 's/\r$//' weka.sh`, au `dos2unix` kama imesakinishwa. Ukitumia `tr -d '\r' < weka.sh > mpya.sh`, kumbuka `chmod +x mpya.sh`, na usielekeze matokeo kwenye jina lile lile: shell hufuta yaliyomo kwenye faili kabla `tr` haijayasoma.

Yote hayo ni huduma ya kwanza, na nasikitika timu nyingi huishia hapo. Chanzo mara nyingi ni mpangilio wa Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) uitwao `core.autocrlf=true`, unaogeuza LF kuwa CRLF Git inapotoa mafaili kwenye Windows. Mpangilio huo hukaa kwenye kompyuta ya kila mtu, hivyo kumkumbusha mwenzako hakutoshi. Mtu akijenga kontena la Docker (kifurushi cha kuendeshea programu) kutoka folda yenye mafaili hayo, skripti ya kuanzishia inaingia na CR zake. Kanuni ikae ndani ya mradi wenyewe, kwenye faili la `.gitattributes`:

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
gradlew text eol=lf
```

Mstari wa `gradlew`, skripti ya kujengea miradi ya Gradle, una sababu yake: skripti zisizo na kiambishi `.sh` lazima zitajwe kwa majina, na ndizo husahaulika.

Kisha endesha `git add --renormalize .` na uweke badiliko hilo kwenye komiti (rekodi ya badiliko katika Git) yake pekee, lisichanganyike na kazi nyingine. Amri hiyo haigusi nakala iliyo kwenye diski. Angalia kwa `git ls-files --eol`: ukiona `i/lf w/crlf`, Git ina LF lakini folda yako bado ina CRLF. Lifute faili hilo, ukishahakikisha halina kazi ambayo hujaihifadhi, kisha lirudishe kwa `git checkout -- weka.sh`.

`.env` kwa kawaida haiingii Git, hivyo kanuni hizi haziifikii. Hiyo irekebishe kwenye kihariri: katika VS Code, bofya CRLF chini kulia, chagua LF, kisha hifadhi.