Kibaka Wangu wa Godoro

Simu yangu ilikwapuliwa Buguruni, kwenye mataa, nikiwa siti ya dirishani. Kijana alipitisha mkono taratibu kabisa, kama anayetaka kunipa mkono wa Idi, akaondoka nayo. Nikabaki na hedifoni masikioni, waya unaning'inia. Abiria wa pembeni akanipa pole, kisha akaniuliza kwa nini nilikaa dirishani na simu mkononi kama mgeni wa mji. Konda yeye akanidai nauli.

Usiku ule nikaapa: lazima nijue kujihami. Ukumbi wa karate upo, si mbali na kwetu Tandika, na jioni moja nilikwenda kuchungulia. Wanafunzi wote walikuwa watoto, na aliyekuwa akiwaongoza kupasha mwili, mwenye mkanda wa kahawia, alikuwa na pengo la meno ya utoto. Mimi nina miaka 38, na kitambi nilichojengewa na wali wa mama ntilie wa Kariakoo. Nirushwe na mtoto ambaye kesho atanikuta dukani aniamkie shikamoo? Nikarudi nyumbani. Mama Nasri alikuwa amekwenda Tanga na mtoto, kwa mdogo wake aliyejifungua, kwa hiyo chumba kilikuwa changu. Nikachukua simu nyingine ya mkopo, nikaweka bando la usiku, nikaanza kusoma kwa video.

Mambo niliyoyajua ndani ya siku mbili! Kwamba judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, na kwamba siri yake ni kumyumbisha mtu kwanza kabla ya kumrusha. Kwamba maana ya karate ni mkono mtupu. Hiyo nikaona ndiyo yangu, maana wangu ulikuwa mtupu tangu Buguruni.

Somo la kwanza lilikuwa kuanguka. Unakunja kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, unapiga sakafu kwa mkono mzima, kiganja mpaka kiwiko, ili kishindo kiishie mkononi. Mwalimu alikuwa na magodoro ya mazoezi ukumbi mzima. Mimi nilikuwa na mkeka wa plastiki juu ya saruji. Kila nikianguka, PAA! Mkono ukawa mwekundu kama nimeuchovya kwenye mawese.

Somo la pili, mkono ukishikwa. "Mshiko wowote una mlango," alisema mwalimu, "nao ni pale dole gumba linapokutana na vidole. Tokea hapo. Na kosa ambalo wengi hulifanya ni..." Bando likakata. Sikujali. Makosa ya wengi yananihusu nini?

Somo la tatu nilikuwa nimeshalisikia: piga kelele. Mshambuliaji hapendi mashahidi.

Sasa nikahitaji mshambuliaji. Nikachukua godoro la sufi la zamani, nikalikunja, nikalifunga kamba ya katani, nikalivisha jaketi langu na kapelo, nikaliegemeza kabatini. Nikampa jina: Buguruni. Tatizo ni kwamba Buguruni hakuweza kusema, kwa hiyo sauti yake nikaitoa mimi. Na ili niingie kwenye uhusika vizuri, nikavaa ile kofia ya sufu niliyonunua nikiwa safarini Njombe, inayoziba uso na kuacha macho tu. Nasimama upande wa Buguruni: "Toa simu!" kwa sauti nzito. Nakimbilia upande wangu: "Niache! Rudi nyuma!" Halafu naanguka. PAA!

Nyumba yetu ina vyumba sita na korido moja katikati, choo kiko uani, na luku ni moja. Kununua umeme ni kwa zamu. Wiki ile zamu ilikuwa yangu, nami hela ya luku nilikuwa nimeilia bando. Saa nne na nusu, giza. Nikawaza, vibaka nao si hufanya kazi gizani? Nikaendelea.

Nikawasikia wapangaji wakitoka mmoja mmoja. Mama Zuhura akaita kutoka koridoni, "Baba Nasri! Umeme!"

Bahati mbaya wakati ule nilikuwa upande wa Buguruni, na nilikuwa nimeshavuta pumzi. "Toa simu au nakumaliza!"

Korido yote ikanyamaza. Kisha, PAA!

Kitasa changu kilikuwa kibovu siku nyingi. Mlango ulifunguka kwa teke moja la Side, kijana wa chumba cha mwisho. Akamwona jamaa wa jaketi na kapelo ameegemea kabati, akamrukia. Kamba ikakatika, sufi ikajaa chumba kizima. Mimi nikakimbilia mlangoni, na hapo kifundo cha mkono wangu kikadakwa.

Niueleze mkono ule. Mama Zuhura anauza maandazi. Anakanda unga kilo 4 kila alfajiri, miaka 19 sasa. Vidole vyake havikunibana, vilijifunga tu, kama bawaba. Nikakumbuka somo, nikatafuta dole gumba. Nikalipata. Nikavuta. Mlango ulikuwepo kweli, ila ulikuwa umefungwa kwa nje. Nikataka kusema ni mimi, lakini kofia ilikuwa imegeuka, matundu ya macho yamehamia kisogoni, na sufi imenijaa mdomoni.

Uani mtu akapiga yowe: "Mwizi!"

Hapo mzaha uliniisha. Mtu wa Dar analijua neno lile na kinacholifuata. Miguu iliniisha nguvu.

"Ngojeni," akasema Mama Zuhura, amewasha tochi ya simu. "Hii pensi ya Baba Nasri. Naijua, mvua ikinyesha naianua mimi." Nikashukuru Mungu. Akaendelea, "Mwizi kamvua Baba Nasri pensi! Mwenyewe kamfanya nini?" Nikauona mchi kwenye mkono wake wa pili, kupitia nyuzi za kofia.

Side ndiye aliyenivua kofia.

Mjumbe alifika akiwa na msuli. "Mwizi nani?" Nikasema mimi. "Aliyeibiwa?" Mimi. "Na huyu aliyepasuka?" Godoro. Akanitazama kwa muda mrefu. "Na zamu ya luku ya nani?"

Nilinunua umeme wa elfu kumi usiku uleule, kwa hela ya kukopa kwa Side. Kabla sijafagia sufi simu ikaita kutoka Tanga. Mama Nasri hakuuliza kama nimeumia. Aliuliza, "Godoro lipi? Lile la mama?"

Baada ya siku tatu nikaweka bando, nikamalizia video. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kuvuta mkono kwa nguvu. Huvuti: unamsogelea aliyekushika, unapeleka kiwiko kwake, mkono unachomoka wenyewe.

Asubuhi nikaenda kununua maandazi. Mama Zuhura akanipa chenji na palepale akanidaka kifundo, mbele ya wateja. "Haya mwanangu, toka."

Nikasogea, nikapeleka kiwiko, nikachomoka. Wateja wakapiga makofi. Mama Zuhura akacheka, akachukua kitambaa, akaanza kufuta mafuta ya maandazi mkononi.

"Sasa lete tena," akasema.

Nilikuwa nimeshavuka barabara.