Gazeti la Jirani na Dohani Yetu

Nyumbani kwetu Attercliffe, mjini Sheffield, gazeti lilikuwa na kazi tatu. Kwanza lilisomwa. Pili lilikatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, vikatobolewa kwenye pembe, vikatungwa uzi na kutundikwa chooni. Tatu lilikwenda mekoni. Kila kazi ilikuwa na fungu lake sebuleni, na anayechanganya mafungu anajitafutia makubwa.

Mimi nilichanganya Jumatatu, tarehe 28 Januari 1963.

Baridi ya mwaka ule ilianza mara tu baada ya Krismasi na haikutaka kuondoka. Uingereza haikupata mwezi wa baridi kali kuliko Januari ile katika karne nzima ya 20. Bomba la jikoni liliganda. Choo kilikuwa uani, na usiku tulikiwekea kandili ya mafuta ya taa ili maji yasigeuke jiwe, hata mgeni angedhani ndicho chumba tunachokipenda kuliko vyote. Shule ilifungwa kwa sababu vyoo vyake havikuwa na kandili. Juu ya hayo, Ramadhani ndiyo kwanza imeandama. Mama alikuwa amefunga. Mimi, miaka tisa, nilikuwa nafunga kwa awamu.

Asubuhi ile moto ulikuwa umezimika, na Mama alikuwa uani akipambana na nguo. Jumatatu ndiyo siku ya kufua, hapana mjadala, hata theluji ifike magotini. Safu nzima ya nyumba ilikuwa imekwisha kuanika, na kila kilichoanikwa kimekauka kwa kuganda: mashuka kama milango, na suruali ya ndani ya Baba, ile ndefu ya sufu, imesimama kwenye kamba imetanua miguu kama askari wa zamu.

"Washa moto, mwanangu," akasema. "Nitakufa na baridi kabla ya futari."

Mama na meko ile ya ukutani hawakuwa wakielewana. Yeye ni mtu wa Mombasa, alizoea jiko la makaa ya miti, na kipepeo chake cha ukindu alikuja nacho ndani ya sanduku. Makaa ya miti moshi wake ulikwisha kutoka tanurini, ndiyo maana ukiyapepea yanakuchekea. Makaa ya mawe bado yana lami na gesi tumboni. Ukiyapepea kwa mbele, unausukuma moshi urudi chumbani. Mama alijaribu mara moja, mwaka wa kwanza. Mapazia hayakupata kuwa meupe tena.

Baba ndiye aliyekuwa mwalimu. Alikuwa mtia makaa melini kabla ya kuingia kazi ya tanuru la chuma cha pua, na alinifundisha hivi. Kwanza chokoa wavu jivu lote lishuke kwenye trei, kwa sababu hewa inapita chini. Vikaa vilivyoungua nusu usitupe, vitumie tena. Karatasi sita au nane, kila moja iviringe iwe kama kamba kisha uifunge fundo, maana karatasi bapa inaungua kwa pumzi moja na kukuacha gizani. Juu yake panga vibanzi vya mbao kumi hivi, kwa kupishana kama ukili. Kisha makaa ya ukubwa wa yai, si zaidi. Wageni wote hukosea hapo: wanabwaga bonge kubwa, linakaa juu ya moto kama kuku anayeatamia.

Makaa yenyewe yalikuja kwa magunia ya ratili 112, karibu kilo 51, migongoni mwa wanaume weusi kwa vumbi kuliko sisi. Sheffield wanaume huitana "mpenzi", tena mtu na mwanamume mwenzake, bila neno. Siku ya kwanza mleta makaa alipomwambia Baba, "Tia sahihi hapa, mpenzi," Baba alirudi ndani akafunga komeo.

Haya. Nimewasha. Moto unasinzia, kwa sababu dohani ni baridi na hewa nzito imekaa ndani yake kama kizibo. Dawa yake ni gazeti. Unasimamisha sepetu mbele ya meko, unatandaza juu yake ukurasa mmoja mpana mpaka mdomo wote wa meko uzibike. Hewa haina tena njia ya juu, lazima ipite chini ya wavu na kupenya katikati ya makaa. Utasikia mngurumo. Karatasi inavutwa ndani, inakaza kama ngozi ya ngoma. Tazama katikati: ikiwa njano, subiri; ikiwa kahawia, ondoa. Baina ya kahawia na moto huna hata muda wa kusema bismillahi.

Fungu la mekoni lilikuwa limekwisha, basi nikachukua gazeti lililokuwa juu ya kiti. Lilikuwa jipya, la Jumapili. Nikalitandaza, na kosa la pili likawa hapo hapo: lilikuwa na habari za mpira.

Mpira wenyewe haukuchezwa. Viwanja vilikuwa barafu, na kampuni za kubahatisha matokeo zilikuwa zinakosa fedha. Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza, waliketi wazee wa soka, Tom Finney na Tommy Lawton wakiwamo, wakaamua kwa vichwa vyao nani angeshinda kama mechi zingechezwa. Matokeo ya mechi zisizokuwapo! Nikapiga magoti, pua karibu na karatasi, nikasoma. Njano. Nikaendelea kusoma. Sikumbuki kahawia.

Ukurasa ukawaka katikati, ukang'oka mikononi mwangu na kupanda dohanini mzima mzima. Hapo pengine ungekwisha mambo yake, lau dohani ingekuwa imefagiliwa. Masizi ni makaa yasiyomaliza kuungua, na yetu yalikuwa ya majira mawili. Yakashika. Dohani ikiwaka haipigi kelele za moto, hupiga kelele za garimoshi linalopita chumbani.

Mama akaingia, akatoka, akarudi na ndoo ya theluji.

Usimwage maji kwenye meko yenye moto, wala theluji, ambayo ni maji yaliyovaa nguo. Inageuka mvuke papo hapo, mvuke unatanuka mara elfu na ushei, na njia yake ya karibu ni usoni mwako. Matofali nayo hupasuka. Letu lilipasuka moja, paa! Jivu, mvuke na masizi vikatoka kwa pamoja. Moshi ulipotulia, nilimtambua Mama kwa macho tu.

"Saumu yangu," akasema polepole, "imeingia masizi."

Mzee wa nyumba ya pili akaja mbio na pakiti ya chumvi na gunia bichi. Huyu alijua. Chumvi juu ya makaa, kisha gunia likaning'inizwa kuziba mdomo wa meko, moto ukose hewa. Mama akataka tuite zimamoto. Mzee akamkataza: tangu 1847 iko sheria kwamba dohani yako ikishika moto, hata kwa bahati mbaya, unaweza kutozwa faini hadi shilingi 10. Shilingi yao na ya kwetu Afrika Mashariki wakati ule zilikuwa sawa thamani, kwa hiyo Mama hakuhitaji tafsiri. Akashika upande wa pili wa gunia.

Baada ya nusu saa mngurumo ukafa. Tukatoka nje kutazama.

Theluji ilikuwa na madoa kama chui. Mashuka ya mtaa mzima, yale milango, yalikuwa yamepakwa rangi. Wanawake saba walikuwa wamesimama vizingitini wakitutazama, na hakuna aliyemwita mwenzake mpenzi.

Baba akarudi saa tisa kasorobo. Tangu alfajiri alikuwa amesimama mbele ya chuma kilichoyeyuka, nyuzijoto karibu 1,600, na shati lake lilikuwa safi kuliko letu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kati yenu," akauliza, "aliyekwenda kazini?"

Kabla sijajibu, yule mzee akabisha tena. Safari hii alishika kikaratasi chake cha kubahatisha na penseli. Anaomba gazeti lake alilotuazima jana; anataka kuhesabu mechi alizobahatisha kuwa zitakwisha sare.

Nikamwonyesha suruali ya Baba.

Kwenye goti la kushoto kilinata kipande cha karatasi iliyoungua, cheusi, chembamba kama bawa la nondo, na juu yake herufi zilikuwa bado zinasomeka, za kijivu zinazong'aa. Mzee akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia sufu. Mtaa mzima ukamtazama akisoma suruali ya ndani ya baba yangu.

"Wednesday..." akasoma, jina la timu ya mpira ya mjini kwetu. Akasogea zaidi, na pumzi yake ikakigusa kile kipande, kikawa unga.