Siku Nilipomvika Maupassant Utepe wa Ulimbwende

Ulimbwende ni neno baya kwa mtu aliyekosa kipindi. Gazetini, mlimbwende ni msichana aliyevishwa taji na utepe, anapunga mkono huku machozi yakimtoka. Darasani, ulimbwende ni mkondo wa fasihi ulioibuka Ulaya mwishoni mwa karne ya 18. Siku Mwalimu anafundisha huu wa darasani, mimi nilikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu, yaani mkopo wa wanafunzi. Nikabaki na ule wa gazetini.

Kazi ilikuwa kuhakiki hadithi fupi moja kwa kuzingatia mkondo wake, kurasa nane, alama 20, halafu uiwasilishe kwenye semina. Mimi niliangukiwa na "La Parure" ya Guy de Maupassant, ambayo Mwalimu aliitafsiri mwenyewe na kuipa jina "Mkufu". Nilifurahi. Fotokopi yake ilikuwa nyembamba.

Kwa asiyeijua: Mathilde Loisel ni mke wa karani wa Wizara ya Elimu mjini Paris, mzuri wa sura, fukara wa kabati. Mume anampatia kadi ya mwaliko wa dansi wizarani. Mathilde anashonewa gauni la faranga 400, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi. Forestier, anang'ara usiku kucha, anarudi nyumbani shingo tupu. Mume na mke wanakopa, wananunua mkufu mwingine wa faranga 36,000 na kuurudisha kimyakimya. Wanalipa deni miaka 10. Mwishoni Mathilde anakutana na Bi. Forestier kwenye bustani za Champs-Élysées, anamweleza yote, naye anamwambia: maskini wee, ule wangu ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500.

Rumeti wangu, ambaye kipindini alikuwepo, alinitumia picha ya daftari lake. Aliipiga kwa pembe, nusu ya kushoto ikabaki nje. Nilichoweza kusoma ni hiki: "hutukuza maumbile", "hisia kuliko akili", "ubinafsi", "ndoto na matamanio ya mbali".

Nikatazama picha, nikamtazama Mathilde. Mtu na pacha wake! Maumbile? Kwenye dansi wanaume wote wanamkodolea macho na kuulizana jina lake, hadi waziri anamwona. Hisia kuliko akili? Anaazima kito bila kuuliza bei. Ndoto? Anaota kumbi zenye mapazia ya Mashariki na watumishi wawili wanaosinzia vitini kwa joto la jiko. Ubinafsi ndio usiseme. Zile faranga 400 mume alikuwa amezidunduliza anunue bunduki, aungane na rafiki zake kuwinda ndege uwanda wa Nanterre siku za Jumapili. Bibi akazizoa zote. Kichwa cha kazi yangu kikawa: "Mathilde kama Mlimbwende: Uhakiki wa Mkufu kwa Mkondo wa Ulimbwende".

Ukurasa wa sita nikaona nijibu hoja pinzani, ile ya uhalisia, mkondo unaosimulia maisha ya kawaida kama yalivyo, maana nilisikia wahakiki hufanya hivyo. Nikaandika: "Wapo watakaodai kuwa hadithi hii ni ya uhalisia. Dai hilo halina mashiko, kwa kuwa mwishoni tunaelezwa bayana kwamba mkufu wenyewe haukuwa halisi." Nilipoimaliza sentensi hiyo nilisimama nikazunguka chumba mara mbili. Nikaenda steshenari kuchapisha, nikalipia na jalada la plastiki.

Semina ilijaa. Nikasoma kwa sauti ya mtu anayesubiri shahada ya heshima. Kwenye maumbile nikasikia mtu anakohoa. Kwenye mkufu usio halisi darasa zima lilikohoa. Mwalimu, ambaye kwa siri tunamwita Mama Mikondo, aliweka kidevu kiganjani akanisikiliza hadi nukta ya mwisho.

"Mwanangu, hayo maumbile unayosema ni yapi?"

"Mabega, Mwalimu."

"Mabega."

"Ndiyo, Mwalimu. Aliporudi alivua shali mbele ya kioo ajitazame."

Hapo nafasi ya kukohoa ikaisha, watu wakacheka waziwazi. Mwalimu hakucheka. Akauliza hadithi ilichapishwa lini. Nikasema sijui. Ilichapishwa wapi? Nikasema, "Kwenye fotokopi."

Nilipata alama 4 kati ya 20. Tatu nadhani zilikuwa za jalada. Akaniruhusu kuandika upya, kwa sharti kwamba hata nikiandika kama malaika sitapita 10, kisha akaniketisha ofisini kwake na kunifungulia kazi yangu ukurasa kwa ukurasa, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya mapafu.

Alianza na kalenda. "Mkufu" ulitoka tarehe 17 Februari 1884 katika Le Gaulois, gazeti la Paris. Ulimbwende wa Ufaransa ulipiga kelele zake kubwa mwaka 1830, watazamaji walipozozana ukumbini kwa ajili ya tamthilia ya Hernani ya Victor Hugo. Ni miaka 54 nyuma. Katikati hapo, mwaka 1855, mchoraji Courbet alijijengea banda lake la maonyesho mjini Paris na kuliita la uhalisia. Mwaka 1857 mwandishi Flaubert akatoa Madame Bovary kama kitabu. Mwaka 1880 mwandishi Zola akaeleza nadharia ya uasilia, mkondo unaomtazama mtu kama zao la damu na mazingira yake. Maupassant alinolewa na Flaubert mwenyewe, na hadithi iliyomtoa, "Boule de Suif", ilitoka mwaka huohuo wa 1880 katika mkusanyo mmoja na Zola. Tena alishawahi kuwa karani katika Wizara ya Jeshi la Majini, kisha katika hiyohiyo Wizara ya Elimu anamofanyia kazi Bwana Loisel.

"Tarehe haikupi jibu," Mwalimu akasema. "Inakupa washukiwa. Ushahidi uko ndani ya matini."

Tukarudi kwenye maumbile. Maumbile ya walimbwende ni milima, dhoruba, misitu, bahari, mwezi. Ulimwengu usiotengenezwa na mtu, ambao mshairi anauona ukiitikia moyo wake. Akaniambia nitafute mto kwenye "Mkufu". Nikaupata mmoja, Seine. Mume na mke wametoka kwenye dansi usiku wa manane, wanateremka kuelekea mtoni wakitetemeka kwa baridi, wanatafuta gari la farasi la kukodi. Mlimbwende angewasimamisha hapo kwanza, mwezi uangukie majini, mtu augue moyo. Maupassant anawapa kigari kikuukuu, cha aina ile ambayo Paris huonekana usiku tu kana kwamba mchana inaona haya, anawapeleka nyumbani rue des Martyrs.

Ubinafsi nao si uchoyo wa gauni. Ni nafsi ya msanii kujiweka katikati ya kazi, "mimi" anayelia, anayeasi, anayeota mbele ya msomaji. Msimulizi wa "Mkufu" hajitaji, haombi tumhurumie mtu, wala hamkemei Mathilde hata pale unapotamani amkemee. Kuhusu mkufu usio halisi Mwalimu hakueleza kitu. Alipigia mstari mwekundu, pembeni akaandika "Dah!"

Alichonifundisha baada ya hapo ndicho ningelipia kama steshenari wangekiuza. Isome hadithi mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili shika kalamu mbili. Nyekundu ipigie mstari kile ambacho mhusika anahisi, anaota au anatamani. Ya bluu ipigie mstari kile ambacho msimulizi anakieleza kwa sauti yake: bei, kazi, mtaa, chakula, sababu na matokeo. Halafu tazama rangi zinavyogusana. Nilipofanya hivyo ukurasa wa kwanza ulikuwa mwekundu kama nyanya. Mathilde anaota samaki mwenye nyama ya waridi na mabawa ya ndege wa porini kwenye sahani za thamani. Mstari unaogusana na ndoto hiyo ni wa bluu. Meza ya duara, kitambaa ambacho kimetumika siku tatu, mume anafunua bakuli na kusema kwa furaha: "Aa, supu nzuri! Sijui kitu kinachoizidi." Msimulizi hasemi neno. Ameweka ndoto na supu bega kwa bega, akaondoka.

"Ulimbwende umo," Mwalimu akasema, "ila umo kichwani mwa Mathilde. Haumo kalamuni mwa Maupassant. Wewe ulimwamini Mathilde."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Mkondo haupimwi kwa vitu vilivyomo ndani ya hadithi. Hadithi ya uhalisia inaweza kujaa almasi, na ya ulimbwende ikaanza na mchoma mkaa. Kinachopimwa ni namna ya kusimulia. Emma Bovary naye alijaza kichwa riwaya za mapenzi, na Flaubert akatumia uhalisia kutuonyesha bei yake.

Kisha jedwali la safu tatu. Ya kwanza, sifa ya mkondo. Ya pili, nukuu kutoka kwenye hadithi. Ya tatu, nukuu hiyo inafanya kazi gani. Wanafunzi wengi hujaza mbili za mwanzo, ya tatu wanaandika "hii inaonyesha uhalisia", ambayo ni sawa na kusema chumvi inaonyesha uchumvi. Chukua fedha. Sonara anataka 40,000, anashushwa hadi 36,000. Mume ana urithi wa baba yake, 18,000. Iliyobaki anakopa, 1,000 huku, 500 kule, mpaka sarafu tatutatu za dhahabu. Hapo safu ya tatu inabidi iseme kwamba msimulizi anatufanya tuhesabu pamoja na mdaiwa, hivyo miaka 10 inatufikia kama matokeo ya hesabu. Radi haihitajiki. Mtumishi anafukuzwa, wanahamia chumba cha darini, Mathilde anachakaza kucha zake za waridi kwenye masufuria yenye mafuta, anapandisha maji ngazini akipumzika kila ghorofa, anagombea bei sokoni. Mume usiku ananakili maandishi kwa sou tano, visarafu vya Kifaransa, kwa ukurasa. Hiyo ya kulipwa kwa ukurasa nilimsimulia kijana wa steshenari, akasema huyo jamaa hakuwa na mashine.

Nikaandika upya. Na hapa ndipo nilipoharibu mara ya pili, kwa sababu mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliuogopa ulimbwende hata nikapitiliza uhalisia na kwenda kutua kwenye uasilia. Rumeti alipoliona neno hilo akauliza kama nimeanza kuandika habari za dawa za asili. Nikamweleza kwa majivuno: Zola alitaka mwandishi afanye kama mtafiti wa maabara, akimfuata mwanasayansi Claude Bernard, amtie mhusika kwenye mazingira fulani na damu fulani aliyorithi, aone vinamsukuma wapi. Nikaandika kurasa tano kuthibitisha kwamba Mathilde hakuwa na la kufanya; kazaliwa ukoo wa makarani, bila mahari, damu na mtaa vikamsokota.

Nusu yake ilikuwa na maana, kwa kuwa hadithi inaanza kweli na kuzaliwa kwake katika familia ya makarani. Lakini pembeni mwa ukurasa wa tatu Mama Mikondo aliandika: "Mkufu ulidondoka. Hilo nalo karithi kwa nani?" Sehemu iliyobeba hadithi nzima ni bahati mbaya, na msimulizi anatamka mwenyewe jinsi kitu kidogo tu kinavyotosha kumpoteza mtu au kumwokoa. Jaribio la maabara likitegemea kitu kilichodondoka njiani, hilo si jaribio.

Kosa la mwisho lilikuwa la kuacha. Kila uhakiki wa mkondo unahitaji aya moja, walau moja, ya kile kinachogoma kuingia kwenye mkondo. "Mkufu" unacho, nacho ni mwisho wake. Maisha hayana desturi ya kufunga hesabu zake kwa sentensi moja inayompiga msomaji kofi. Kofi hilo ni ufundi wa mwandishi anayejua msomaji wake wa gazeti ana dakika chache. Maupassant alilijua hilo. Katika utangulizi wake wa Pierre et Jean, mwaka 1888, alisema wanauhalisia wenye kipaji wangestahili zaidi kuitwa waundaji wa njozi. Ningeitia hiyo ningepata zile 10 zote. Nilipata 7, na maneno "umeanza kusoma".

Mtihani wa mwisho wa muhula uliuliza swali kuhusu uhalisia na njozi. Nilijibu nusu ukurasa, nusu nyingine nikachora jedwali la safu tatu na kujaza mbili.

Matokeo yalipotoka kwenye mfumo nilikuwa nimekaa kitandani na simu. Somo lile nilikuwa nimekula supu, kama tunavyouita mtihani wa marudio. Rumeti alisogea, akachungulia kioo cha simu, kisha akakunja mikono kifuani kama mtu aliyefika mezani na njaa yake.

"Aa," akasema, "supu nzuri! Sijui kitu kinachoizidi."