Maji ya batiki: rangi inatisha, kostiki ndiyo inayounguza

Mfereji wa mtaani ukipita na maji ya zambarau, Iringa au Mbeya, lawama inajulikana itaangukia wapi: kwa akina mama wa batiki. Wanaotaka kazi hiyo iondolewe majumbani na kuhamishiwa kwenye karakana moja wana hoja. Mabondeni kuna vinyungu, yaani bustani za bondeni, mboga zinamwagiliwa, na Ruaha Mdogo unapita Iringa ukienda kuungana na Ruaha Mkuu kuelekea Mtera. Aliye chini hunywa alichomwaga aliye juu.

Shida ni kwamba hoja hiyo inahukumu kwa macho.

Batiki nyingi za mikono hutumia rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda, kemikali kali inayounguza ngozi, pamoja na haidrosalfaiti, unga unaoisaidia kuyeyusha rangi. Mtazame mama akiinua kitambaa kutoka kwenye beseni: mara nyingi rangi haijaeleweka bado. Akikitandaza, hewa inaigeuza taratibu kuwa ile aliyoikusudia, na tangu hapo haiyeyuki tena majini. Maji yaliyobaki nayo ni vivyo hivyo. Yaache kwenye pipa lililo wazi, yakoroge mara kwa mara, na sehemu kubwa ya rangi itatuama.

Kostiki haitoki kwa mtindo huo, na haionekani. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yawe na pH (kipimo cha ukali wa asidi au kostiki; 7 ni katikati) kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya beseni yanaweza kufika 12.5. Utasema tofauti ni 4 tu. Lakini kila hatua ya pH ni mara 10, kwa hiyo hatua 4 ni mara 10,000: ndoo moja ya lita 20, ukitegemea maji matupu kuizimua, ingedai lita 200,000. Mto halisi una namna yake ya kupoza ukali, hivyo hesabu hiyo ni ya juu mno kwake. Mfereji wa mwezi wa nane, wenye maji ya kufikia kifundo cha mguu, hauna msaada huo. Na ndoo hiyo ingeweza kupita bila rangi yoyote, jirani asiseme neno.

Ndiyo maana ushauri wa "tia shabu" peke yake haufai. Shabu ni dawa ya kutuamisha uchafu; kwenye maji makali hivyo, madonge yake yanayotakiwa kukokota rangi huyeyuka. Ukali ushushwe kwanza hadi karibu na 7, kwa kupima na karatasi ya pH. Shabu ifuate, kisha maji yapite kwenye mkaa wa pumba za mpunga. Pumba Usangu na Kyela si kitu cha kutafuta. Yote haya yanafanyika uani.

Akina mama nao wana majibu dhaifu. "Sisi ni wadogo" haisemi tope la chini ya pipa litapelekwa wapi. Wanaotumia zile rangi za kukolezwa kwa chumvi wana kazi zaidi: hazituami kirahisi, na chumvi yenyewe shabu haiigusi.

Hata hivyo, kuwahamishia wote kwenye karakana moja ni kuwapa nauli na kodi kabla hawajauza hata kitenge kimoja. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao kwa mikopo ya vikundi, 4 kati yake ya wanawake. Kikundi cha batiki kikiomba, bajeti yake iandikwe mapipa mawili, shabu na karatasi za pH pamoja na nta na rangi, na afisa maendeleo aulize tope litazikwa wapi kabla ya kusaini.