Afisa nibebe: maelezo kutoka kwa mhusika mwenyewe

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisinoti ya shoga yangu Madam wa Sayansi, naomba na mimi mnisikilize, maana huko kwenye grupu la walimu nishazimia, nishamwagiwa ndoo ya maji, na mjusi kaingilia kwenye kola ya gauni katokea chini. Uongo mtupu. Sikuzimia. Hayo mengine tutayapanga vizuri.

Ule ubao janja wetu mnaujua, ile skrini kubwa ya ukutani ya kugusa kwa kidole, nimewachosha nao humu tangu ulipofika. Sasa jana ndo ilikuwa siku ya kuonyeshwa kwa wageni, Afisa Elimu Kata, mwalimu mkuu na wazee wa kamati ya shule, na darasa lililochaguliwa ni la kwangu, Hisabati Darasa la Nne, mada ya sehemu. Watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, joto la Mbagala mnalijua, sauti yangu nayo ndo hii ya chiriku, kwa hiyo nikavaa ile maiki ya kichwani kama mhubiri wa stendi nikaiunganisha na spika kubwa ya paredi, ambayo huwa inakaa dirishani inatazama uwanjani. Hiyo spika ishikeni kichwani.

Na nilijiandaa bwana, asije mtu akasema nilikurupuka. Andalio la somo limechapwa. Simulesheni za sehemu za PhET nimeshazipakua, zile za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, unaziweka kwenye kompyuta unatumia bila bando, mtoto anavuta vipande vya keki mwenyewe anajenga robo tatu yake anaiona. Aliyezianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mtu ana Nobel ya Fizikia, ila mijusi ya Mbagala hakuiweka kwenye hesabu zake na wala hatukufika huko. Tuliishia kwenye maswali ya PowerPoint ya kuchangamsha darasa, niliyoyatengeneza kwa mikono yangu, swali, halafu slaidi ya Hongera ina mlio wa makofi, halafu slaidi ya Jaribu Tena ina mlio wa mlipuko. Ile milio inakuja na PowerPoint yenyewe, ngoma ipo, kioo kuvunjika kipo, mimi nikaona mlipuko ndo utawaamsha watoto. Haya.

Swali la kwanza likapita salama, wageni wanatikisa vichwa, mkuu anatabasamu kama ubao kaununua yeye. Swali la pili, mama kakata mkate vipande 8, watoto wamekula 3, imebaki sehemu gani? Nikamwita kijana wa dawati la mbele. Akaja anajifuta kidole kwenye kaptula, akakinyanyua, namuona kabisa anakwenda kwenye 8/5, moyo wangu puu.

Hajagusa. Naapa mbele yenu kidole kilikuwa bado hewani.

Pwaaa, makofi. Hongera! Jibu ni 5/8. Kijana kakitazama kidole chake mbele, kakigeuza kakitazama nyuma. Darasa linashangilia. Mzee mmoja wa kamati kamwinamia mwenzie, nimemsikia kwa masikio yangu, "Hii inajua mtoto anachowaza." Nami nikatabasamu kitaalamu, unafanyaje sasa.

Mara BUUUM. Jaribu Tena. Kwa spika ya paredi ule mlio sio wa kuchangamsha, ni wa kukumbuka dhambi zako, afisa faili lilimtoka. Halafu pwaaa tena. Halafu kimya, ikatokea ile menyu ndogo kama mtu kabonyeza kaacha kidole palepale. Hakuna mtu ubaoni. Watoto wa nyuma washaanza kunong'onezana habari za majini.

Mimi kwa kujiamini kabisa, kwenye maiki, "Wageni wetu, ubao huu una hisia kali sana, hili ni vumbi tu." Nikaenda kulifuta hilo vumbi kwa kiganja.

Hapa twende taratibu maana ndo penye kesi.

Kiganja kimeanzia kona ya juu, kinateremka, kioo kina joto, kikavu, naendelea kuwatabasamia wageni siangalii hata ninachofuta, kioo, kioo, kioo, halafu ubaridi. Ubaridi laini. Unapumua. Akili ikaniambia ni dasta. Nikajibu eeh ni dasta, nani kaacha dasta huku juu? Nikageuka kuitazama na dasta ikageuza shingo ikanitazama. Mjusi kafiri, mweupe, juu ya slaidi nyeupe, ungemuona saa ngapi? Sisi wawili tukatazamana. Mimi mjusi namuogopa tangu nipo mtoto Tandika, nyumbani nalala na taa kwa ajili yake, mume wangu ni shahidi. Nikavuta mkono. Mkono ukaja na mkia. Mkia peke yake, upo kwenye kiganja unacheza, na mwenye mkia akaruka akatua begani kwangu, upande wa maiki.

Nilichosema nakinukuu mwenyewe kwa sababu kimeshapotoshwa sana: "Mamaaa nakufa! Mtoeni! Afisa nibebe! Afisa nibebeee!"

Shoga anasema nilisema "mpenzi afisa". Sikusema mpenzi. Mtu asiniongezee.

Na kwa nini afisa, msiniulize, mwanaume wa karibu alikuwa yeye na alikuwa na mabega. Alikuwa, maana nilipofumbua macho nipo juu ya dawati la mbele, viatu nimekanyaga madaftari ya watu, na afisa yupo nje ya mlango, faili kajifunika kichwani. Kwenye spika huko uwanjani mwangwi bado unamalizia, nibebeee. Darasa la Saba walikuwa kwenye mtihani wa majaribio, wakasimama wote. Mama wa mihogo pale getini kaacha karai la moto kaja mbio na kijiko chake.

Mjusi sasa. Nilipojikung'uta akarudi zake ubaoni akaendelea na kipindi. Kila akipiga hatua slaidi inasonga, pwaaa, BUUUM, swali, pwaaa, watoto wakaanza kumhesabia maksi, "Mjusi mojaaa! Mjusi mbiliii!" mimi nipo juu ya dawati nimeshika mkia, yeye anafundisha, mpaka akafika slaidi ya mwisho kabisa, imeandikwa kwa herufi kubwa AHSANTENI KWA KUNISIKILIZA, akatulia hapo. Wakampigia makofi. Na wazee wa kamati wakapiga.

Basi binti mmoja wa nyuma akaja akamkinga kwa daftari akamtoa nje, nikashuka, afisa akarudi. Mwalimu wa TEHAMA akatoa somo ambalo angenipa mapema ningemshukuru: huu ubao wetu sio kama simu inayotaka ngozi, kwenye fremu kuna vitaa vya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, vinarushiana na vipokezi vya upande wa pili, chochote kinachokatiza mwanga huo ubao unakihesabu ni kidole, iwe kalamu, kiwiko, au mjusi anayefukuzia wadudu waliofuata mwanga wa kioo. Kumbe nyuma ya ubao ndo nyumbani kwake. Yule kijana wa 8/5 akanyoosha mkono akauliza, "Madam, mjusi ametoka bila mkia, imebaki sehemu gani ya mjusi?" Wengine robo tatu, wengine nusu, mmoja kaja na rula kutaka kuupima mkia, nikawaambia tutaendelea kesho. Kwenye fomu ya afisa, penye ushiriki wa wanafunzi, kaandika mzuri sana, hilo shoga hajalisema kwenye voisinoti yake.

Jioni nikasubiri shule imwagike yote ndo nikatoka, nimejitanda mtandio usoni. Pale getini bodaboda wamejipanga, hakuna aliyecheka, wamenisalimia kwa adabu zote, shikamoo madam, nikajua Mungu kanistiri. Nimeshawapita ndo mmoja akawasha pikipiki akanifuata polepole, "Madam, afisa keshaondoka, nikubebe?"

Nimetembea kwa mguu mpaka Rangi Tatu.