Kuku wako uani, mtoto amekula yai?

Juni 2016 Bill Gates alitangaza kutoa kuku 100,000 kwa nchi maskini kupitia shirika la Heifer International. Hoja yake ilikuwa rahisi kushika: mwanamke wa kijijini akianza na kuku majike watano, vifaranga wataongezeka, atauza, na kipato kitamtoa kwenye umaskini wa kutupwa. Bolivia, mojawapo ya nchi zilizotajwa, ilikataa zawadi hiyo ikasema kuku inao tele. Watu wakabishana kuhusu heshima, kuhusu matajiri na maskini, kuhusu kama si afadhali watu wapewe fedha taslimu wajinunulie wenyewe wanachohitaji. Kuhusu mtoto wa miezi minane aliyekaa mkekani, hayakusemwa mengi.

Mimi niko upande wa kuku. Naamini kuku wachache wakitunzwa vizuri wanaweza kubadili kabisa anachokula mjamzito, mama anayenyonyesha, na mtoto aliye ndani ya zile siku 1,000 za kwanza, tangu kutungwa mimba hadi kutimiza miaka 2. Ila nikisoma namna miradi hii inavyosifiwa, naona hatua nzima imerukwa. Wanahesabiwa kuku waliogawiwa, kana kwamba yai hutoka kiotani likaenda lenyewe kinywani mwa mtoto.

Yai lenyewe sina ugomvi nalo. Moja lina protini ya gramu 6 hivi, vitamini A na B12, na kolini takriban miligramu 147. Kolini haitajwi sana kliniki, lakini ndiyo mojawapo ya virutubishi vinavyojenga ubongo wa mtoto tangu yuko tumboni, na mjamzito anahitaji miligramu 450 kwa siku. Mtoto mdogo ana tumbo dogo pia. Akijazwa uji mwepesi hushiba kabla hajapata anachokihitaji, hivyo chakula kidogo chenye mengi ndani yake kina thamani kubwa kwake. Upungufu wa yai nao tuuseme: madini ya chuma yaliyomo ni kidogo na mwili huyafyonza kwa shida. Mjamzito mwenye upungufu wa damu asiambiwe ale mayai badala ya vidonge vyake.

Wanaotetea miradi ya kuku hupenda kutaja utafiti wa Ecuador. Mwaka 2015, katika mkoa wa Cotopaxi, watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi 6, na kudumaa kukapungua kwa asilimia 47 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Wenye mashaka hujibu kwa Malawi. Huko, mwaka 2018 na 2019, katika wilaya ya Mangochi, watoto 660 wa umri uleule waliingizwa kwenye jaribio kama hilo, yai moja kwa siku, miezi ileile 6, na waliopewa mayai hawakuwazidi wenzao kwa urefu. Sioni kwamba tafiti hizi zinagombana. Watoto wa Mangochi wanaishi karibu na ziwa, samaki walikuwa tayari kwenye milo yao, na waliodumaa tangu mwanzo walikuwa wachache kuliko wale wa Ecuador. Yai huziba pengo pale penye pengo.

Kinachonishughulisha zaidi ni jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka: katika tafiti hizo mayai yaliletwa nyumbani. Hakuna mama aliyeombwa kufuga. Anayechukua matokeo ya Ecuador kutetea ugawaji wa kuku bado hajasema lolote kuhusu safari ya yai kutoka kiotani hadi sahanini, na safari hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Basi tumfuate kuku. Tetea wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huacha kutaga na kuatamia kwa siku 21. Akishaangua huzunguka na vifaranga wake miezi miwili mitatu ndipo atage tena. Kwa mwaka hupata mizunguko 3, labda 4, mayai kama 40 hadi 60. Sasa chukua kuku mmoja mwenye mayai 12 chini yake. Wanatoka vifaranga 10. Wiki ya kwanza baridi inaondoka na 2. Mwewe anachukua mmoja mchana kweupe, kicheche anabeba wawili usiku. Mwezi wa pili ugonjwa wa mdondo, wengine huuita kideri, unapita kijijini, na asubuhi mama anakuta waliobaki wamejikunyata, wengine shingo zimepinda. Mama aliyeyaona hayo mwaka jana na mwaka juzi, akichungulia kiotani akakuta mayai 12, hawezi kuyaona kama mlo. Anaona mbegu. Na mkulima gani hula mbegu huku akijua nusu ya atakachopanda hakitaota?

Ndiyo maana mafunzo ya lishe peke yake naona yanawaonea akina mama. Mhudumu anafika, anaeleza faida za yai, mama anaitikia kwa adabu, kisha anaatamisha mayai yote. Ripoti husema elimu zaidi inahitajika. Huyo mama ameelewa vizuri sana, na hesabu yake ni sahihi kuliko ya mradi.

Kinachobadili hesabu hiyo ni vifaranga kuishi. Mdondo usipozuiwa unaweza kufagia kuku wote wa kaya kwa siku chache, na chanjo ipo. Ile ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida, hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Mwanakijiji aliyefundishwa siku chache anaimudu. Msumbiji na Tanzania hilo limefanyika. Kikwazo chake ni cha kawaida mno: chupa moja huwa na dozi nyingi kupita kiasi kwa mwenye kuku 6, na ikishafunguliwa haikai. Lazima majirani wakubaliane siku moja, kuku wafungiwe ndani tangu alfajiri, mchanjaji apite nyumba kwa nyumba. Kazi ya namna hii haina picha nzuri ya kuweka gazetini. Lakini vifaranga 7 wakifika ukubwani badala ya 3, hakuna haja tena ya kuatamisha mayai yote 12. Manane yanabaki kiotani, manne yanakwenda jikoni, na hakuna aliyehitaji kuhubiriwa.

Upande wa pili utauliza: kwa nini asiuze tu? Hoja nzito hiyo. Kuku mmoja akiuzwa anaweza kuleta mafuta, daftari, nauli ya kliniki, pengine na chakula kingi kuliko mayai aliyoyataga. Simlaumu mama anayeuza, na sipendi mradi unaomfanya ajione mkosaji. Lakini fedha ikiingia nyumbani hukuta foleni ya mahitaji, na mtoto wa miezi minane hana sauti kwenye foleni hiyo. Tena si kila anayelisha kuku ndiye anayeamua juu yao. Wapo wanawake wanaomwaga pumba kila asubuhi na kufunika vifaranga kwa tenga kila jioni, ila kuku wakianza kulipa, uamuzi wa kuuza unahamia kwa mwingine. Kwa sababu hiyo jaribio la Burkina Faso lililochapishwa 2020 lilinigusa. Kuku walitolewa mbele ya jamii wakiwa mali ya mtoto, na mama akafundishwa kumlisha mayai yao. Ulaji wa mayai ukapanda karibu kufikia yai kila siku. Ukondefu ulipungua, ingawa kudumaa hakukuonyesha badiliko la wazi. Kuuza kuku wa mtoto uliyeshuhudia akikabidhiwa mbele ya majirani ni jambo zito kuliko kuuza kuku wa nyumba.

Na mama mwenyewe je? Miradi ikisema "mama na mtoto", mara nyingi mama yumo kama mpishi. Anagawa, anahakikisha kila mtu amepata, anakula kilichobaki. Na katika jamii kadhaa mjamzito bado hukatazwa mayai. Kipimo kinachotumika kwa mlo wa wanawake huhesabu makundi 10 ya vyakula na kutaka angalau 5 kwa siku, na mayai ni kundi linalojitegemea. Yai moja lingemsogeza hatua nzima. Nani anauliza kama amelila?

Hoja inayonitia wasiwasi kuliko zote iko chini, kwenye udongo wa ua. Watafiti waliokaa vijijini Zimbabwe wakiwaangalia watoto wachanga kwa saa kadhaa, na kuchapisha walichokiona mwaka 2013, walikuta watoto wakila udongo, na wengine kinyesi cha kuku. Yeyote aliyelea mtoto anayetambaa anaijua sekunde hiyo: umegeuka kuchochea moto, ukigeuka tena mkono uko mdomoni. Kinyesi kidogo tu hubeba bakteria kwa mamilioni. Wengine, kama kampilobakta, huharisha. Hata kuhara kusipoonekana, utumbo unaovamiwa kila siku hushindwa kufyonza chakula sawasawa, na hapo kuku anatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine. Uchambuzi uliochapishwa 2016 kuhusu Ethiopia ulionyesha sura zote mbili: watoto wa kaya zenye kuku walikuwa warefu zaidi kwa umri wao, ila faida hiyo ilitoweka pale kuku walipolala ndani ya nyumba ya watu.

Jibu la haraka ni banda. Nalikubali nusu. Jijini Lima, Peru, jaribio la kuwafungia kuku wa uani, lililochapishwa 2006, lilitoa matokeo ya kushtua: watoto wa kaya zilizofungia kuku ndio waliozidi kuharishwa na kampilobakta. Kinyesi kilichokuwa kimetawanyika kinakusanyika mahali pamoja, na kama mtoto anapafikia, hali ni mbaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo banda liwe mbali na jiko, lifungwe kwa kitasa ambacho mkono mdogo hauwezi kukifungua, kinyesi kiondolewe kwenda shambani, na mtoto awe na mkeka wake mahali kuku hafiki. Yote hayo ni kazi, na kazi hiyo inawekwa juu ya mikono ileile inayochota maji na kunyonyesha. Nikiona mpango wa kuku usiosema nani atajenga banda na nani atalisafisha, najua umepangwa na watu waliohesabu saa za mama kuwa za bure. Baba ana mikono pia.

Kuhusu kuku chotara wanaotaga mara mbili tatu ya wa kienyeji, nisichukue nafasi kubwa. Wanataga wakilishwa. Kaya isiyo na chakula cha kuku cha uhakika itawaona wakikonda, na wengi wao hawaatamii vizuri, hivyo wakifa kaya inarudi kununua upya.

Ningepewa fomu ya tathmini niiandike mimi, ningefuta safu ya kuku waliogawiwa. Ningeuliza jana mtoto alikula yai au hakula, na mama yake je. Kuku walilala wapi usiku. Siku ya mwisho ya chanjo ilikuwa lini, na ni nani aliyewashika kuku. Na ningekwenda kuuliza hayo baada ya mdondo kupita, si wiki ya makabidhiano, wakati kila kuku bado ana kamba mguuni.