Shemeji na Mahame Yake

Mimi sina ugomvi na mahame. Mahame hayajawahi kunikopa wala kunidai. Ugomvi wangu ni na shemeji.

Jumapili ndiyo siku yangu pekee. Siku sita zote nipo sokoni Makoroboi, hapa Mwanza, nimeshika kiatu cha mtumba cha mguu wa kushoto namtafutia mwenzake, na mteja ananikodolea macho kama vile wa kulia nimeuficha mimi. Jumapili nalala mpaka bati lianze kulia kwa jua. Na sisi wa Mabatini, tuliojenga juu ya mawe kama pimbi, bati likianza kulia huna haja ya saa. Sasa Jumapili iliyopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mlango ukagongwa.

"Baba Kulwa, amka. Mdogo wangu yuko nje."

Natoka, namkuta Masanja kavaa kofia ya pama, buti za mvua katikati ya Julai, na simu kaining'iniza shingoni kama kitambulisho cha kazini. "Shemeji," akasema, "leo tunakwenda kuona mahame."

Eti ameona kwenye simu wazungu wanakwenda msituni kutwa nzima kutafuta vijiji vilivyohamwa. Wanakuta ukuta wa kanisa hauna paa, wanakuta kisima, wanapiga picha, wanakula mkate wao, wanarudi nyumbani na furaha. Nikamwambia ukuta ulioanguka hata mwenye nyumba wangu anao, wa choo, tangu masika, na kuuangalia ni bure. Tena ukitaka kuuona kwa karibu ingia tu, maana mlango nao ulishaondoka.

Mke wangu akanikatisha. "Nenda naye. Akipotea huko, mama ataniuliza mimi."

Mke akishamtaja mama yake, kesi imefungwa. Nikavaa.

Mpaka Kisesa tulikwenda na daladala, hiyo sina la kusema. Kisesa tukapanda mchomoko. Gari la watu watano, tulikuwa tisa, na dereva anaita wa kumi. "Mzee, jibane kidogo, hapo panakaa mtu." Hapo palikuwa na gia! Kila akitaka kuingiza namba mbili ananiomba samahani, akiingiza namba nne ananiambia nishushe pumzi. Mama aliyekuwa nyuma yangu alipakata sadolini, ile ndoo ndogo, ya dagaa, na kila tukiruka shimo dagaa wawili watatu wanahamia kwenye kola yangu. Nilifika ziwani nikiwa nimeshanukia ziwa.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kageye, kule kando ya ghuba ya Speke. Pale ndipo Stanley, yule mzungu mpelelezi, alipofikia mwisho wa Februari 1875, baada ya kutoka Bagamoyo Novemba ya mwaka uliotangulia. Masanja alikuwa amekariri. Akasimama kwenye mchanga, mkono mmoja kiunoni, akanieleza jinsi yule bwana alivyoiunganisha mashua yake, Lady Alice, akaingia nayo ziwani Machi kulizunguka lote. Huku nyuma, kijana wa Kiingereza aliyefuatana naye, Frederick Barker, akafa na kuzikwa hapo hapo Kageye.

"Mashua ilikujaje kutoka pwani?" nikauliza.

"Ilikatwa vipande. Ikabebwa."

"Na nani?"

"Wapagazi."

"Wapagazi gani?"

"Shemeji, wapagazi tu."

Haya. Mashua ina jina na jina la ukoo, aliyekufa ana jina, mabega ndiyo hayana jina. Mimi nabeba marobota kutoka stendi, najua ubao unavyokula bega. Nikauliza walilipwaje. Masanja akaniambia nisimharibie historia, nimpige picha akiwa anaangalia mbali. Nikampiga. Kidole changu kikaingia. Tukarudia mara sita.

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kunusa sato wa kukaanga. Kumbe hiyo ilikuwa salamu tu. Mahame yenyewe yako ndani, porini, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwenye vichaka na majabali ambayo hata mbuzi anaulizia njia.

Tukatembea. Jua la saa tano. Miiba inashika suruali kama mdai. Mjusi mwenye kichwa cha waridi na kiuno cha bluu amekaa juu ya jiwe anatupigia pushapu, anatudhihaki. Masanja anasema tuko karibu. Baada ya nusu saa anasema tuko karibu. Nikamwambia karibu hiyo ni ndefu kuliko ile ya mbali.

Tukafika. Masanja akafungua mikono miwili kama mchungaji. "Haya, shemeji. Ona!"

Nikaona. Nikaona majani. Nikaona mwembe. Nikaona majani tena.

"Kijiji kiko wapi?"

"Umesimama sebuleni."

Hapa nitamtetea kidogo, maana hili nililijua kabla yake, nimezaliwa huku. Wenzetu wa Kilwa walijenga kwa matumbawe na chokaa, wakahama, kuta zimebaki mamia ya miaka mpaka leo watu wanalipa kuziona. Sisi bibi zetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Ukihama, mchwa anakula miti, mvua inachukua udongo, na baada ya misimu kadhaa nyumba imerudi ilikotoka bila hata kuaga. Kwa hiyo mahame ya Usukumani hayaangaliwi, yanasomwa. Minyaa iliyojipanga mduara, ujue huo ulikuwa ua, maana minyaa haijipangi yenyewe. Mahali nyasi zimenenepa na kuwa kijani kuliko kwingine, hapo palikuwa zizi, samadi inalipa mpaka leo. Ndulele zikijaa sehemu moja, palikanyagwa sana na mifugo. Mwembe mkubwa peke yake porini una aliyeupanda. Halafu uiname, utafute mawe ya jikoni na vigae vya vyungu.

Nikainama kweli. Nikakuta mafiga matatu, meusi upande wa ndani, bado yanaangaliana kama yanasubiri sufuria. Nilinyamaza hapo kama dakika moja. Sitaki Masanja ajue.

Yeye wakati huo alikuwa amegundua mmea wenye maganda. "Shemeji, njoo uone hii, laini kama mahameli!"

Nikageuka. Alikuwa amekumbatia upupu.

Wewe msomaji kama hujawahi kushikwa na upupu, Mungu akuzidishie. Kile kimanyoya cha dhahabu kwenye maganda yake, kizuri kweli kwa macho, kikigusa ngozi kinaingia na hati ya umiliki. Masanja alianza na shingo, akahamia mikononi, akafungua vifungo, akatupa kofia ya pama, akaanza kucheza ngoma ambayo hata Bulabo, kwenye sikukuu ya ngoma za Wasukuma, haijawahi kuchezwa. Na kila akijikuna anauhamishia mahali papya. Nilitaka kumpiga picha, simu iko shingoni mwake, na mimi shingo ile siigusi.

Ndipo tukasikia sauti nyuma yetu. "Mwangaluka."

Mzee, fimbo begani, ng'ombe kama kumi na tano nyuma yake, na vijana wawili wenye marungu ambao hawakutusalimu. Nikaitikia kwa heshima zote nilizofundishwa, nikainama mpaka mgongo ukalia. Masanja akaitikia huku akijikuna kwapa.

"Mnatafuta nini, wanangu?"

"Tunaangalia mahame, babu."

"Ili iweje?"

Swali zuri. Tangu alfajiri nilikuwa nalo mimi, leo limepata mwenye umri wa kuliuliza. Nikamwangalia Masanja ajibu. Masanja akasema, "Kumbukumbu."

Kijana mmoja akacheka puani. "Hawa ni wale wa mali ya Mjerumani."

Nikahisi jasho linabadilisha njia. Huku kwetu, kitu chochote cha zamani ni mali ya Mjerumani. Mwingereza alipoichukua Mwanza Julai 1916, Mjerumani alikimbia, na tangu hapo inaaminika kwamba hakukimbia bila kuzika chochote. Masanja, badala ya kukana, akaona ni nafasi ya kufundisha. Akaanza kuwaeleza habari za sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa Tabora mwaka huo huo wa 1916. Nikamkanyaga buti. Mtu unashukiwa kutafuta dhahabu, wewe unataja mpaka mnyama aliyechorwa!

Mzee akatikisa kichwa. "Hata mwaka jana walikuja wengine, na chombo kinacholia. Kikalia hapo." Akaonyesha kwa fimbo. "Wakachimba kutwa nzima. Sikuwazuia, mimi nilikaa chini ya mwembe nawaangalia tu. Pale palikuwa choo cha baba yangu."

"Wakapata?"

"Wakapata."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Vijana nao wakacheka, marungu yakashuka, na hapo ndipo tulipokuwa watu. Mzee akamwangalia Masanja, akasema upupu dawa yake majivu, ila kwa vile hapa jiko limezimwa miaka hamsini, ajipake samadi mbichi. Ng'ombe, nashukuru, hawakutuchelewesha. Masanja alijipaka kuanzia shingo mpaka kitovu, amefumba macho.

Mzee akaketi. Hapo palikuwa kwao. Operesheni Vijiji, ile ya kuhamishia watu vijijini, ilipofika, 1974, yeye alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Mwalimu Nyerere alishasema Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na amri ilikuja na lori. Wakaambiwa wabomoe wenyewe, nyasi na miti watavikuta mbele, kumbe mbele kulikuwa na barabara tu, imepimwa viwanja kwa kamba. Mashamba yakabaki huku, watu wakawa kule. Aliyasimulia bila hasira, kama mtu anayetaja bei za mnada wa zamani. Kilichomwudhi hadi leo ni kitu kimoja: siku ya kuhama mvua ilikuwa inanyesha na mwembe ulikuwa na maembe.

Kosa la Masanja lilikuja wakati wa kuaga. Kumbe kabla ya upupu alikuwa ameokota jiwe la kusagia, lile kubwa la chini, lililochimbika katikati kama mgongo wa mtumbwi, akaliweka pembeni alifiche kwenye begi. Anataka akaliweke sebuleni kwake Nyakato, juu yake aweke maua ya plastiki.

"Hilo liache," mzee akasema. "La mama yangu."

"Babu, si mliliacha miaka hamsini?"

"Tuliliacha. Hatukulitupa."

Kimya. Mwenye lori ndiye aliyemkataza mama yake kulipakia. Alimwambia, mama, mawe utayakuta huko. Mama akapanda na lile dogo tu, mtoto wake, la kushika mkononi. Mzee akalitazama lile jiwe muda mrefu, kisha akatutazama sisi, na nikaona hesabu inapigwa.

"Kwa kuwa mmeshalitoa mahali pake," akasema, "basi mtanifikishia nyumbani."

Masanja akaonyesha mikono yake. Samadi imekauka, vidole vimevimba, hawezi kushika hata sigara. Vijana wana ng'ombe. Mzee ana fimbo. Nikabaki mimi.

Kilo thelathini kama si zaidi, na jiwe halina mpini. Nikaliweka bega la kulia, likanikatalia. La kushoto, likakubali kwa masharti. Kutoka mahameni mpaka barabarani nilipumzika mara tisa, na kila nikipumzika Masanja ananiambia tuko karibu. Ananuka zizi, anatembea mbele, mikono hewani kama daktari anayekwenda kupasua mtu, na bado ana nguvu za kunieleza kwamba hata mashua ya Stanley ilifika. Niliomba Mungu anipe subira. Kama angenipa nguvu, jiwe lingekuwa kwingine.

Tukafika. Nyumba ya tofali na bati, bibi anachambua choroko mlangoni. Nikalitua taratibu kama mgonjwa. Bibi akaliangalia, akamwangalia mumewe.

"Jiwe la nini tena?"

Mzee hakujibu. Akaenda mlangoni, akainama, akachomoa kitu kilichokuwa kimeuzuia mlango usipigwe na upepo. Jiwe dogo, jeusi, laini kama sabuni. Akalipangusa kwa shati, akalilaza kwenye kile kichimbo cha kubwa. Likakaa. Akalisukuma mbele, akalivuta nyuma, mara mbili tatu, mlio ukatoka.

"Sisi tunasaga mashineni," bibi akasema. Mlango nyuma yake ukajibamiza.

Bibi akalichukua lile dogo, akalirudisha mlangoni kwenye kazi yake. Kisha akaleta kata ya maji, akamimina kwenye kichimbo cha lile kubwa, akaita kuku. Wakaja, wakanywa, wakainua midomo juu kama wanashukuru.

Tukapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa, nikala nimesimama maana kukaa mgongo ulishakataa. Mchomoko wa mwisho tukausikia ukipita barabarani, honi na yote.

"Kuna na lingine," mzee akasema, anaonyesha milima kwa fimbo. "La bibi yangu mzaa baba. Kubwa kuliko hilo."

Masanja aliacha kujikuna. Akaniangalia.

Mimi nikawa naangalia kuku.